Msako wa "Hata Hivyo"

Jumatatu, 4 Machi

Makala imerudi. Haikukataliwa, eti imerudishwa ikapikwe tena. Yale yale!

Nimeuhangaikia utando huu nilioubuni maabara hadi nywele zimenikimbia. Mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na ukiukwaruza unajiponya wenyewe. Asubuhi unauchora kwa sindano, mchana alama huioni. Dunia ilipaswa kusimama! Badala yake, msomaji wa siri (hapa kwenye taasisi kila makala husomwa kwanza na mwenzako asiyejitaja) ameandika hivi: "Mwandishi ameukwaruza na kuupinda utando mara moja, ukapona, naye akatangaza ushindi. Hata hivyo, mlango haufunguliwi mara moja tu."

Mlango! Nani kazungumzia milango?

Namjua. Ni Mikroni, jirani yangu wa meza kwenye maabara. Tulimbatiza hivyo kwa sababu hupima kila kitu, hata unene wa siagi kwenye mkate wake. Profesa, mkuu wetu, amesema ambaye makala yake itapita kwanza atakabidhiwa chumba kipya cha majaribio. Kina mashine mpya ya kuvuta vitu mpaka vikatike. Kina dirisha. Mikroni analitaka dirisha.

Nimemlilia mke wangu. Yeye ndiye mhariri wa taasisi. Makala, ripoti, maoni ya wasomaji, vyote hupita chini ya kalamu yake. Nikamwomba anitajie msomaji. Akajibu kuwa aliyeolewa ni yeye, siri za ofisi hazikuolewa. Akanimiminia chai. Chai nzuri, lakini.

Jumanne, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Shemeji, mdogo wa mke wangu, kaja kula nasi mchana. Anafundisha chuo kikuu, na kazi yake ni kutambua nani aliandika nini. Anasema maneno makubwa hayamfichui mtu, kila mtu huyaazima. Kinachomfichua ni vijineno: basi, wala, kwa kweli, hata hivyo. Mtu huvimwaga bila kujua, kama anavyotembea.

Nilikaribia kumeza kijiko.

Kisha akaanza masharti. Nikusanye maandishi ya watu wengi, si ya ninayemshuku peke yake. Nifiche majina kabla ya kuhesabu. Nihakikishe kila andiko limetoka kwa mwenyewe bila mkono wa mtu mwingine. Wataalamu bwana, hupenda kufanya kichuguu kiwe mlima. Mwizi wangu namjua, nikawapekue majirani wa nini?

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Mikroni kwamba naihusudu lugha ya ripoti zake. Meno yote nje! Akanipa rundo zima.

Nikahesabu. "Hata hivyo" zimejaa humo kama sisimizi kwenye sukari! Na maoni ya msomaji wa siri ni vivyo hivyo. Nimejipigia makofi, kimyakimya.

Kulikuwa pia na tangazo alilobandika mwenyewe kwenye friji: "Nani kanywa maziwa yangu? Chupa ina alama." Halina hata "hata hivyo" moja. Nimeliweka kando. Aliliandika kwa hasira, na hasira huharibu takwimu.

Wakati huohuo nikaukwaruza na kuupinda utando mara nyingi, nimkomeshe huyo msomaji. Ukagoma. Mkwaruzo ukabaki unanikodolea macho. Mikroni akachungulia, akasema, "Kaka, hebu upashe joto kidogo kati ya pinda na pinda. Pengine umechoka tu."

Kuchoka! Utando una mgongo?

Nilisubiri aende kunywa chai, nikaupasha. Ukapona. Nikaupinda tena, nikaupasha, ukapona tena! Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha maabara. Nilimwalika shemeji aje ashuhudie mbinu yake ikifanya kazi. Nikaonyesha mchoro wangu: nguzo mbili, ya msomaji na ya Mikroni, zimelingana kama pacha. Nikatangaza kwamba adui yumo humu ndani na anapima siagi.

Mikroni aliweka kikombe chini taratibu. "Mimi, kaka? Mimi niliomba nisipewe makala yako niisome. Nilisema nitaisifu kupita kiasi."

Profesa akaitikia kwa kichwa.

Shemeji akaomba karatasi. Nikampa kwa madaha. Akasoma kidogo, akaanza kucheka, akatafuta kiti. Akauliza kama kuna chochote humu ambacho dada yake hakukihariri. Nikamjibu kwa fahari kuwa hakuna, kwetu kila kitu lazima kipite kwa... kwa mke wangu.

"Shemeji, hii 'hata hivyo' naijua tangu utotoni," alisema akijifuta machozi. "Nikimwomba dada gauni: 'Mdogo wangu, changu ni chako. Hata hivyo, gauni hili ni langu.'"

Akachukua makala yangu mwenyewe. "Hata hivyo" kila ukurasa, zote za mhariri! Andiko pekee lililotoka mkononi mwa Mikroni bila mhariri ni lile la maziwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemsaka mke wangu siku tatu, na usiku nalala naye.

Profesa akaniuliza kama ningependa kuketi. Nilipenda sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amenipa chaguo: nimwombe Mikroni radhi, au nijipikie mpaka nizeeke. Najua mapishi yangu. Nikaenda.

Mikroni alisikiliza huku akiipanga vizuri kalamu yake. Akasema yamekwisha, ila mchoro ule ulimuuma. Nikaona haya kwelikweli. Nikamwambia habari ya joto, kwamba lile wazo lake limefaulu nami nimelificha. Akaruka kitini! Ugomvi akausahau palepale, akakimbilia kipimajoto.

Tumeshinda pamoja kutwa nzima. Kumbe joto linalohitajika ni dogo mno: la kiganja cha mtu. Profesa akaushika utando mkononi mwake, akautazama mkwaruzo ukifumba kama jicho la mtoto anayesinzia. Kisha akaomba aushike tena.

Jina langu litatangulia, la Mikroni litafuata, na makala ikipita, chumba ni chetu sote. Dirisha tumegawana. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu, 18 Machi

Makala imepita! Msomaji wa siri safari hii ameandika neno moja: "Sawa." Mke wangu anasema hata yeye hakupata pa kuongeza.

Tumehamia chumba kipya. Mlangoni tumekuta kadi isiyo na jina: "Hongereni sana. Kumbe mnaweza!"

Kumbe? Kumbe!

Mikroni anasema ni kadi ya upendo. Mtu mwema, ila mambo haya hayajui. Nimemuuliza mke wangu, akaapa kadi haikupita kwake. Safi kabisa! Maandishi halisi, hayajaguswa na mhariri. Na leo bwana stoo wa taasisi kasema "kumbe" mara mbili kabla ya chakula. Mara mbili! Mwingine nimhesabu wa nini? Shemeji sitamsumbua, ana masharti mengi.

Kesho asubuhi nampitia stoo, nimwambie naihusudu lugha yake.