Barafu kwenye Mita ya Mazuti

Jumatatu, 5 Juni 1978
Msiba! Depo imefungiwa mita mpya. Miaka yote mazuti, dizeli yetu, yakipungua mikononi mwangu nililaumu baridi ya Bukavu: yanatoka Uvira yamevimba kwa joto, yanafika huku yamesinyaa. Shefu Cirhuza, mkubwa wa depo, aliitikia kwa huzuni. Leo fundi Gérard kutoka Kinshasa ameingiza kipimajoto ndani ya bomba, akaitengeneza mita ihesabu mazuti yote kana kwamba yana joto la digrii kumi na tano. Akasema baridi haitasingiziwa tena. Akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Na Jumamosi naoa! Nilimwapia baba mkwe, Papa Isidore, kwamba mazuti ya kamio yake, lori la kumleta bibi harusi wangu Eulalie kutoka Nyantende, ni juu yangu. Amesema kamio isipowaka, hakuna harusi.

Jumanne, 6 Juni
Nimemnunulia Gérard bia, naye akanieleza yote. Mazuti yakiwa moto, mita inapunguza hesabu. Yakiwa baridi, inaongeza. Basi nikikipoza kipimajoto, mita itaongeza yenyewe, na bidoni zangu mbili, madumu ninayojichotea kila mzigo ukifika, hazitaonekana. Nina akili mno kwa depo hii.

Alhamisi, 8 Juni
Barafu nimeipata Nyawera kwa Maman Bibiane, mwenye firigo. Nilimwambia shangazi yangu ana homa. Akauliza huyo shangazi iko mukubwa namna gani, maana nilichukua karai nzima.

Kamio ya Uvira ikafika. Nikachota bidoni zangu kwenye kamio kabla ya mita, nikafunga gunia la barafu penye kipimajoto, nikafungulia bomba. Mita ikasema tumepokea mazuti mengi kuliko yaliyotumwa! Shefu akanikumbatia. Kisha akatumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya tangi. Pungufu. Akaniita citoyen, raia, akasema masini ya Bulaya haidanganyake, basi mutu ameiba nyuma ya mita, na ufunguo ya tangi iko kwako. Tangi lisipolingana na mita kesho jioni, ataita jandarma waje kunifunga.

Ijumaa, 9 Juni
Nimerudisha bidoni zote mbili. Bado haitoshi. Mita imehesabu mazuti ambayo hayajawahi kuwepo duniani, na mimi ndiye wa kuyatoa.

Nikaenda Nyantende kuwasalimia wakwe, nikasingizia nimekuja kutia mazuti ya harusi. Waliposali rozari nikayanyonya kwa mpira hata mazuti yake mwenyewe Papa Isidore yaliyobaki kwenye tangi la kamio, hadi likakauka. Eulalie alinusa mdomo wangu, akaniuliza kama nimeanza kunywa kanyanga, ile pombe kali. Jioni kijiti na mita vikapatana.

Jumamosi, 10 Juni
Nilisubiri kanisani asubuhi nzima. Kumbe kamio iligoma, na Papa Isidore akatangaza kwamba harusi imekufa. Shangazi za Eulalie wamenisimulia: alivua viatu vyeupe, akamwambia baba yake, mimi naolewa na mutu, hapana na kamio. Akashika njia kwa miguu, nao wakamfuata na sufuria kichwani. Aliingia kanisani na vumbi hadi kwenye nyusi. Nililia mbele ya watu wote. Simstahili mwanamke huyu.

Jumatatu, 12 Juni
Shefu amenikabidhi mita niisimamie peke yangu, maana katika depo nzima ni mimi tu niliyeifanya ilete ziada. Papa Isidore anamtafuta mwizi aliyekausha kamio yake. Nimemwonea huruma, nikamwapia kuijaza wiki hii hii. Kamio ya Uvira inapanda Alhamisi. Nimeshapita kwa Maman Bibiane. Safari hii nusu karai inatosha.