Diski za Marehemu na Kijisanduku cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kaja asubuhi na habari mbaya, uso umejaa furaha. Kiwanda kingine kimeacha kutengeneza zile diski za sauti safi kuliko sidii za kawaida, alizozikusanya marehemu mume wangu hadi kabati likapinda. Siku hizi, kasema, muziki huohuo unashushwa kwa intaneti. Kanunua kijisanduku cha kuushusha. Mwezi ujao wazee wenzake wakasikilizie kwake, si kwangu tena. Diski, shemeji, akaniambia, zimeshamfuata kaka.

Nikamwambia anywe chai aondoke. Chai alikunywa. Kuondoka kulichukua muda.

Jumanne, 5 Machi
Kichwa kinauma. Kila Jumamosi wazee hujaa sebuleni kwangu: kinyozi, daktari wa meno mstaafu, na huyo shemeji. Hufumba macho na kubishana kuhusu "hewa" iliyomo kwenye sauti. Mimi hewa siisikii. Nasikia viti vinalia kwa kukaliwa na watu, na hicho ndicho ninachotaka. Wakihama, nabaki na kabati.

Binti yangu kaniambia kwa simu: mama, si uwaambie tu kwamba utawakosa? Ndiyo hasara ya kumsomesha mtu. Herufi hizi kanifundisha yeye, makosa yote ni yake.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata. Mashindano. Nafunika mitambo kwa shuka, wimbo mmoja unapigwa mara mbili, mara kwa diski, mara kwa kijisanduku. Wasijue kipi ni kipi. Mpigaji ni mimi, kwa kuwa wote wanajua sitofautishi piano na sufuria. Shemeji kakubali upesi hadi nikamhurumia.

Kumbe nitapiga diski mara zote mbili. Watakachochagua ni changu. Sioni pa kuharibika.

Jumamosi, 9 Machi
Pameharibika.

Nilipiga ya kwanza, nikapiga ya pili. Kinyozi akasema ya kwanza imekauka kama nywele zilizooshwa kwa sabuni ya kufulia. Daktari akasema kwenye ya pili alimsikia mwimbaji akimeza mate. Shemeji akaapa kwamba ya pili ndiyo kijisanduku chake, tofauti hiyo hata kiziwi angeisikia, akanitazama. Wote wakachagua ya pili.

Nikatangaza: ya pili ni diski. Shemeji jasho likamtoka, akaingiza mkono mfukoni achukue kitambaa. Kikatoka kitambaa pamoja na waya wa umeme wa kijisanduku. Mzee mzima alisahau kunipa waya, na bila huo kijisanduku hakiwaki.

Wote wakautazama waya ule. Sebule haijawahi kuwa na hewa nyingi namna ile.

Nikangoja nitukanwe. Lakini ili waniite mwongo, ilibidi kwanza wakiri kwamba walisikia tofauti kati ya diski na diski ileile. Daktari akatazama dari. Shemeji akakumbuka ana mgeni nyumbani. Kinyozi peke yake aliaga: mama, umetuvua nguo.

Jumapili, 10 Machi
Nimepika chakula cha watu wengi kwa mazoea. Nimempelekea shemeji. Kapokea sufuria dirishani, hakunitazama. Mjinga yule. Kakonda, lakini.

Jumamosi, 16 Machi
Wamekuja. Wote.

Shemeji kaingia na maelezo. Diski ikishapigwa mara moja hupata joto, na joto huifungua sauti. Ndiyo maana ya pili ilishinda. Sayansi, shemeji. Kijisanduku hakina kitu cha kupata joto, kwa hiyo diski bado zina miaka mingi mbele. Daktari kasema alishuku hivyo tangu mwanzo. Kinyozi kasema asiyeisikia tofauti ile, masikio yake ni ya kutundikia miwani. Nikasema hata mimi niliisikia. Wakakaa mpaka chai ikaisha, wakaomba nyingine.

Sasa nina wazo. Nitawaambia diski iliyopashwa joto nje ya mashine ni bora zaidi, ila inataka kusikilizwa siku ileile ya kupashwa, kwa hiyo waje Jumatano pia. Nimeanza kujaribu na ile anayoipenda shemeji. Iko juu ya mfuniko wa sufuria, maji yanachemka. Imejikunja pembeni kidogo. Hawatajua.