Seva Itakayomtosha Ambindwile

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nasema mimi Sekela, anaandika mkwe wangu Winfrida. Nimemwapisha kwa Biblia asimwambie mtu.

Mvua tangu alfajiri. Kikao cha kampuni yetu ya maziwa hapa Mpuguso. Wajumbe tuko watano. Mimi nimewekwa na akina mama. Kusoma sijui, ila kunyoosha mkono najua sana.

Seva imechoka. Seva ndiyo ile kompyuta ya ofisini inayotunza majina ya wanachama na lita zao. Fundi Jotham, kijana wa Tukuyu mwenye miwani, akasema mashine mpya ipo, sasa tuchague mfumo endeshi, yaani kile kinachoiongoza mashine ifanye kazi. Upo wa aina mbili. Standadi, ya kawaida, na Entapraizi, ya makampuni makubwa. Ya kawaida ina mipaka yake. Kubwa ina nafasi tele. Kura Ijumaa.

Mipaka! Kitu kikiwa na mipaka, kuna watu watabaki nje. Na wa kwanza kubaki nje ni nani? Si marehemu?

Hili nalisema humu tu. Namba saba kwenye orodha ni mume wangu, Ambindwile. Amekufa, mwaka wa nne huu, na mimi ofisini sikwenda kusema. Kila asubuhi napeleka ndoo kituo cha maziwa, karani Emmanuel anaita kwa sauti, Ambindwile, lita nane! Naitika, ena! Basi. Hapa nyumbani hakuna tena anayelitaja lile jina. Watoto wanasema marehemu baba, kama vile hakupewa jina. Na wewe Winfrida pia. Usiache kuandika.

Lazima tununue kubwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimezipanga kura. Kubwa, mimi na mwenyekiti. Huyo anapenda kila kitu kikubwa, hata kofia. Ya kawaida, wawili. Amebaki Kuruthumu, mjumbe wa tano. Anauza vitenge Tukuyu mjini, ng'ombe wake wako huku. Tumegombana tangu usichana, na kwenye misiba tunakaa mkeka mmoja.

Nikapika ndizi kwa maziwa, sufuria nzima, nikajitwika. Mtu akila chakula chako anaona haya kukukatalia. Nimefika saa saba mchana, nafunua sufuria, harufu imejaa duka zima. Mwezi wa Ramadhani! Amefunga! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kuruthumu akacheka mpaka akashika meza. Akasema, Sekela we, umekuja kunihonga au kunijaribu imani? Weka hapo, jua likizama nitakukumbuka. Nikampa habari za kubwa. Akasema yeye ana duka miaka thelathini, hajawahi kumkatia mteja doti mbili wakati moja inamfunika. Ya kawaida inatosha.

Nimerudi mikono mitupu. Sufuria yangu nzuri, ile yenye mfuniko.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwita Jotham aje kutazama redio yangu, imekufa. Haikufa, betri nilizitoa mimi. Akazirudisha, ikaimba, akanitazama, akaipangusa vumbi. Kijana ana adabu.

Nikampakulia, nikamwambia anieleze tena taratibu. Akasema hiyo Entapraizi unaweza kuunganisha mashine mbili, moja ikizima, nyingine inashika kazi palepale, watu wala hawajui. Standadi haina hiyo. Ikizima mnakaa mnamsubiri fundi.

Nikawaza, mbona hiyo ni mimi. Tulimzika Ambindwile Jumamosi. Jumapili ng'ombe wamekamuliwa, Jumatatu lita nane ziko kituoni. Hakuna aliyemsubiri fundi.

Nikamwomba awaambie wajumbe ile ya kawaida ni mbovu. Akakataa! Akasema, bibi, siwezi, kwa kampuni ya ukubwa huu hiyo kubwa ni kukodi fuso lipakie mkungu mmoja. Amekula sahani mbili na bado amekataa.

Jioni kituoni nikamnong'oneza mama mmoja kwamba kampuni ya maziwa ya Kinyala wameshanunua kubwa. Uongo. Mungu anisamehe, nimeusema mara moja tu.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi kituoni mama mwingine, wa Suma, ananiambia mimi kwamba Kinyala wamenunua kubwa mbili, na wazungu wanakuja kuziangalia.

Mbili! Nimeumia. Sisi tunabishania moja, wenzetu wana mbili? Winfrida ananikumbusha kwamba uongo ni wangu. Nimemjibu, wangu ulikuwa wa moja. Hiyo ya pili imetoka wapi? Lazima kuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Kuruthumu amekuja kikaoni baada ya sala ya Ijumaa, hakukaa hata kitako, mkono juu. Kubwa! Akasema hawezi kuaibishwa na Kinyala. Tatu kwa mbili! Nikapiga vigelegele, mwenyekiti akanigongea meza.

Ndipo Jotham akasimama. Akasema vizuri, kwa kuwa sasa uwezo upo, tutafunga na ule mfumo wa vidole. Jumatatu kila mwanachama afike mwenyewe, apigwe picha, aweke kidole, mashine imtambue.

Nikauliza polepole, na ingekuwa ile ya kawaida? Akasema, ah, ile tungehamisha majina kama yalivyo, bibi, hatungemgusa mtu.

Hatungemgusa mtu. Andika mara mbili.

Chakula kimenishinda. Jioni kituoni wameita jina lake, nikaitika, sauti imetoka kidogo kama ya mgonjwa. Bado kuita siku mbili tatu, basi, kwisha.

Jumamosi, 8 Machi
Kuruthumu amerudisha sufuria, ameijaza kaimati. Akakaa. Akaniuliza nina nini, nikamwaga yote.

Akasema, Sekela, kwani unadhani nani hajui? Tulimzika sote. Mimi nililala kwako siku tatu. Emmanuel mwenyewe alishika jeneza. Analiita lile jina kwa sababu anaona ukiitika unanyooka mgongo. Nenda Jumatatu, weka kidole chako, sema ukweli. Namba saba waandike Sekela wa Ambindwile. Anayetaka kucheka aje acheke mbele yangu.

Nililia. Miaka minne najificha, kumbe wote walikuwa wananifichia. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, nitasema ukweli, nimechoka kuhangaika. Akanishika mkono mpaka mvua ilipokatika.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani moyo mweupe. Kuruthumu yuko sahihi kabisa, sina la kuongeza.

Ila njiani nimekutana na Ezron, mdogo wake Ambindwile. Nikamtazama. Pua ileile. Zamani huku kwetu mtu akifa, mdogo wake alichukua jina, na nyumba, na ng'ombe. Mimi nyumba sitoi, ng'ombe sitoi. Namtaka achukue jina tu, kwa asubuhi moja, Jumatatu, ili lizidi kuitwa kituoni.

Amekubali, ameshiba. Nimemnyoa ndevu mwenyewe, nimemvalisha koti la kaka yake, linamkaa. Kwenye picha nani atajua?

Winfrida anauliza, na kidole je? Huyu naye. Wamezaliwa tumbo moja, wamekamua ng'ombe mmoja. Vidole vitapishana kiasi gani?