Binti Yako Amewapigia Deki Askari Wangu

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Ni mimi mkweo, fundi saa. Nakuandikia kwa sababu maji yamenifika shingoni, na wewe ndiye uliyemzaa anayeyamimina.

Kama ujuavyo, ninakusanya vijisanamu vya askari, warefu kama kidole gumba. Nimenunua kikosi kikuukuu ambacho mwenyewe wa zamani alikipaka rangi kana kwamba anapaka ukuta. Lazima rangi hiyo itoke ndipo nipake yangu, na Jumamosi ni maonyesho ya chama chetu. Lakini:

1. Niliwaroweka katika ndoo ya dawa ya kusafishia sakafu. Binti yako akaichukua ndoo, akapiga deki sebule nzima. Askari wanne walisukumwa hadi barazani, na mpiga ngoma wao akatumbukia mferejini. Hakuna aliyenipa pole.

2. Analalamikia mswaki. Kweli ni wake. Ila niliuchagua kwa kuwa ni laini, na hiyo ni heshima. Wangu ningeona aibu kuwasugulia maofisa.

3. Sasa amefungia kabatini sabuni, dawa ya choo, hadi siki, na ufunguo ameuweka mahali ambapo adabu hainiruhusu kumtajia mama mkwe.

Mama, katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayesoma maandishi ya chupa. Kwa hiyo naomba umwamuru anikabidhi dawa zote pamoja na bafu, liwe hospitali ya askari. Familia itaoga kwa jirani. Jirani bado sijamweleza. Na kama binti yako anaona huo ni uonevu, mpokee kwako mpaka Jumamosi, ila mswaki auache.

Wasalimie wote huko, hata shemeji aliyewaita askari wangu midoli.

Mkweo mtiifu,
Fundi Saa

Baada ya kutia sahihi: Mama, usimwamuru kitu. Kwa kukosa dawa nilichukua ile yake ya kufutia rangi ya kucha, nikawatosa wote. Wa bati wametoka wanang'aa. Wapanda farasi kumi na wawili kumbe ni wa plastiki. Wameyeyuka wakawa donge moja lenye kwato. Kwenye chupa imeandikwa, kwa herufi kubwa, isiguse plastiki. Nililia, sikufichi. Binti yako ameliopoa donge kwa kijiko, akalipaka kijani, akawapanga juu yake askari waliobaki. Kilima tulikuwa hatuna.