Neno la Siri Linalojulikana na Jengo Zima

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke nyumbani

Kwa mpwa wangu, fundi wa mitandao na mlinzi wa mjomba wake,

Salamu nyingi. Nimepokea onyo lako kuhusu waifai yangu: kwamba kuiacha na neno la siri la kiwandani ni sawa na kulala mlango wazi, kwamba jirani anaweza kuingia, akapekua, akaiba, na kwamba mzee asiyeweza kulinda kisanduku chenye taa mbili heri arudi kwenu, chumba kiko tayari. Nilitii. Ulitaka neno refu ambalo hakuna mtu wa hapa angelibahatisha, nami nikaunganisha wenye milango mitano ya kichochoro chetu cha huko nyumbani kwa mpangilio wake: fundisaamkungakinyozimwashibibi. Huyo wa mwisho ni bibi yako, mama yangu.

Sasa pokea malalamiko.

1. Mshonaji wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akitumia mtandao wangu kimyakimya kama mtu mstaarabu, alipokuta umefungwa alipanda ngazi akabisha hodi. Miaka tisa hakuwahi kubisha. Ikanibidi nichemshe chai.

2. Neno hilo halikaririki bila maelezo. Nikamweleza kwamba fundi saa alipewa mlango wa karibu na barabara kwa sababu hakuwahi kufika popote kwa wakati. Alicheka hadi akamwaga chai. Kesho yake akaja na muuguzi wa ghorofa ya pili, eti naye asikie. Usalama gani huu?

3. Fundi viatu wa ghorofa ya tatu aliandika mkunga kabla ya fundi saa, mtandao ukamkatalia, akapanda kunigombeza: "Mzee, duniani nani humtangulia mkunga?" Tulibishana nusu saa. Nilishinda, lakini sauti imenikauka.

4. Watoto wa jengo wanaruka kamba wakiimba siri ya ukoo wetu, pamoja na habari za chongo ya kinyozi, ambazo sikumbuki nani aliwaambia. Mmoja wao kila akifika kwa bibi yako husimama na kumwamkia shikamoo.

5. Ijumaa nilibadilisha simu, nayo ikaniuliza neno la siri. Nikafika kwa kinyozi, nikakwama. Mimi, mzaliwa wa mlango wa tano! Mshonaji akaita kutoka ngazini: "Mwashi, babu! Yule aliyewajengea ukuta ukalala." Mwizi gani huyu, anayejua vilivyomo ndani kuliko mwenye nyumba?

Kwa hoja hizi, nakiri kwamba ulisema kweli. Mtandao umevamiwa na mlinzi amechoka. Nakubali chumba. Vitabu nimevifunga masanduku manne. Njoo unipokee mwisho wa mwezi.

Nisalimie wote hapo, wanaoniulizia na wasioniulizia.

Ni mimi mjomba wako, majeruhi wa usalama.

Nyongeza: Uliwahi kuniandikia kwamba kichochoro kilibomolewa, sasa wanaegesha magari. Asubuhi hii, nikiwa na bahasha mkononi, muuguzi amenizuia ngazini: yule mtoto wa siku ya mafuriko, mkunga alimpokea juu ya paa la nani? Sikuwa nimemaliza kisa hicho. Jumapili wanakuja wote kukisikiliza, na kwa kuwa viti havitoshi, watakalia masanduku ya vitabu. Chumba mpe mwingine. Sitarudi.