Malalamiko Kuhusu Udogo wa Gango la Binti Yangu

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Pokea salamu za mama mzazi. Mimi ni mzima, na hasira zangu nazo ni nzima, ila nimezikalisha chini ili tuandikiane kama watu wazima. Shule niliishia darasa la saba, lakini niliishia mbele, wa tatu kati ya wanafunzi themanini, kwa hiyo utanielewa.

Mimi ndiye mama wa Rula. Jina hilo amepewa na wenzake kwenye karakana ya kushona sare, kwa sababu binti yangu akishakata kitambaa, huna haja ya kukipima tena. Hivi ninavyoandika, mkata vitambaa mkuu anastaafu, na msimamizi aliahidi kwamba meza yake ataipata binti yangu mwisho wa mwezi huu. Miaka sita ameisubiri meza hiyo huku akishona vifungo vya watu.

Wiki tatu zilizopita alikuwa akichomeka shuka chini ya godoro langu (sikumtuma, ndivyo nilivyomlea), ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto ikanasa. Alipoutoa mkono, ncha imeinama kama kichwa cha mtu anayesinzia mkutanoni. Haikumuuma sana, ila ilikataa katakata kunyooka. Tukaja kwenu. Na hapo ndipo nilipoanza kudhulumiwa, kama ifuatavyo:

1. Mtaalamu wenu wa viungo alipanga mezani magango matatu, vile vifaa vya kukinyoosha kidole. Moja la bati, refu, linang'aa, lina sponji na mikanda. La pili la plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto. La tatu kidude cha rangi ya ngozi, kidogo kama kifuniko cha kalamu. Kisha akamuuliza binti yangu anataka lipi. Mheshimiwa, mama yake nilikuwa nimekaa pale pale, mkoba magotini! Nikaonyesha la bati. Binti akasema, "Mama, kidole ni changu." Mtaalamu akacheka, akamvalisha kile kidogo.

2. Gango lenyewe halionekani. Jirani yangu ana mwanawe dereva, aliteleza bafuni. Si vitani, bafuni. Mkamfunga plasta kutoka kwenye unyayo hadi pajani, na watu wanakwenda kumpa pole kwa zamu na kuandika majina yao juu ya mguu. Binti yangu akipita mbele ya watu hao hao, wanamuuliza, "Rula, mbona siku hizi huji kutusaidia kufua?" Kufua! Jirani naye akanitonesha: "Mama Rula, huo ugonjwa wa mwanao tuutazame kwa darubini?" Nilicheka na wenzangu, lakini meno tu.

3. Masharti ni makubwa kuliko gango. Wiki nane, usiku na mchana, halivuliwi. Likivuliwa ili lioshwe, kidole kilale juu ya meza kimenyooka; kikiinama mara moja tu, hesabu inaanza upya. Mimi nimejifungua mtoto wa kilo nne na nusu, ambaye ndiye huyu huyu, na sikupewa masharti hayo. Kitu chenye sheria kali namna hiyo kilipaswa angalau kiwe na umbo la kutisha.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa kuwa ninyi mliishia kwenye ncha, ilibidi mimi nimalizie. Jumatatu asubuhi nilichana shuka, nikamzungushia kuanzia kwenye gango hadi kiwiko, nikauning'iniza mkono shingoni kwa mtandio wangu wa maua. Alinuna. Nikamwambia mtoto hakui kwa mzazi. Na kusema kweli alipendeza! Mtaa ulisimama. Jirani aliacha sufuria ikiungua.

Lakini msimamizi alipomwona getini, alishika kichwa: "Dada, mkono wote? Nenda nyumbani, meza nitampa mwingine." Binti akaanza kuifungua ile shuka mbele yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikafika chini. Msimamizi akasema sasa hajui aamini lipi; alete barua ya hospitali kabla ya Ijumaa, la sivyo meza inakwenda kwa binti mmoja anayekata kola kama anamenya viazi.

Tangu siku hiyo mwanangu hanisemeshi. Anakula, anasema "asante, mama", basi. Mheshimiwa, kosa ni lenu. Mngetoa gango kubwa tangu mwanzo, mimi ningemalizia nini?

Kwa hiyo naomba, kwanza, barua kwa msimamizi, ieleze kwamba binti yangu hajaumia hata kidogo na anaweza kukata vitambaa kutwa. Pili, barua kwa jirani yangu, yenye muhuri mkubwa, ieleze kwamba ameumia vibaya sana na anavumilia kishujaa. Barua hizo mbili zisikutane. Tatu, apewe lile la bati, na kama yamekwisha, plasta hadi begani, ila iwe ya kuvuliwa saa za kazi. Nne, msirudie kumuuliza maoni mgonjwa aliyekuja na mama yake.

Nisalimie mlinzi aliyeniazima kiti, karani wa kadi, wauguzi wote wa asubuhi na yule mzee anayepiga deki huku akiimba. Mtaalamu wa viungo naye msalimie, lakini nusu.

Ndimi niujuaye uchungu wa mwana,
Mama Rula

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, binti akaingia. Hakungoja barua ya mtu. Amekwenda mwenyewe kwa msimamizi, akaomba kitambaa, akakata kola kumi na mbili mbele ya karakana nzima, gango likiwa kidoleni. Anasema kidole kilichonyooka kinatuliza kitambaa kuliko kinachojipinda. Msimamizi alizipima zote kumi na mbili, halafu akauliza, "Kwani uliumia wapi?" Meza ni yake, Mheshimiwa! Amenikumbatia mpaka kilemba kikanidondoka. Kwa hiyo barua zile acha, na la bati wapeni wengine. Limebaki ombi moja dogo: kwenye faili lake, pale panapoonyesha gango lilichaguliwa na nani, naomba paandikwe mama yake.