Betri ya Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Leo siku yangu! Tangu nipunguzwe kazini na tuhamie vyumba vya uani kwa wakwe, hakuna anayeniuliza neno ila kama nimekula. Leo nimesikilizwa.

Pikipiki ya baba mkwe ilikuwa haichaji. Ni kongwe kuliko mke wangu. Mzee alikuwa bwana mifugo, akaizungusha vijijini miaka nenda miaka rudi kuchanja ng'ombe, na mpaka leo anaiita Bi Mkubwa, jambo ambalo mama mkwe halipendi. Alikuwa amekwisha kuikagua. Akasema ni makaa tu yamelika, vile vipande vinavyosugua ndani ya dainamo inayochaji betri, atayabadilisha mwenyewe akimaliza chai. Lakini mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, alikuwa amekuja kutembea. Tunamwita Meneja kwa sababu anasimamia duka la rangi na hakuachi usahau. Kukaa kimya mbele ya Meneja? Mimi?

Nikafungua kiti. Lo! Waya wa chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, yaani kwenye chuma chenyewe cha pikipiki! Mtoto mdogo anajua kwamba hasi ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Nikawaita wote waje waone. Nikasema, kwa upole lakini kwa sauti ya kufika kwa jirani, kwamba mzee ameendesha kinyume maisha yake yote, na ni Mungu tu hajaungua suruali. Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee aliinama, akatazama, akasema huenda, macho yake siku hizi si yale. Akaniomba radhi kwa usumbufu.

Yeye akaweka makaa yake, mimi nikageuza betri. Ikawaka kwa teke la kwanza! Na kile kisaa cha chaji juu ya taa! Nilipowasha taa kubwa, mshale ulilalia upande wa kuchaji. Nimemwagiza mzee aendeshe na taa mchana kutwa ili ichaji zaidi.

Jumapili, 3 Machi

Mama mkwe amenipakulia mimi kwanza. Kabla ya Meneja! Mke wangu amenitazama kama zamani za uchumba.

Jioni mzee alikuja chumbani kwetu na tochi mkononi. Alitaka nimhakikishie kama ameweka betri zake upande sawa. Alikuwa ameziweka sawa. Nikamwambia vizuri sana, mzee, kama mwalimu na mwanafunzi wake. Nilifurahi, kisha furaha ikakatika ghafla na sikujua kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Mzee alikwenda kumwona rafiki yake, taa zikiwaka jua la saa sita, kama nilivyomwagiza. Ikazimika njiani. Haikuwaka tena. Ameisukuma mpaka nyumbani, mzee wa miaka sabini na ushee, akipita mbele ya maduka yote, na pale kwa kinyozi walimpigia makofi.

Nilitegemea anilaumu. Afadhali angenilaumu! Alikaa kizingitini akivua viatu, akasema lazima kuna kitu amesahau kufanya, kichwa chake kimechoka. Akasema Meneja amekuwa akiiomba pikipiki aisimamishe mlangoni mwa duka lake, iwe pambo. Jumapili atampa. Mtu aliyekosea jambo dogo hivyo miaka yote, akasema, hana haki ya kuwa barabarani. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuipenda Bi Mkubwa, aliingia ndani na kulia.

Ili nionekane nasaidia, nikachukua ndoo niioshe pikipiki. Chini ya betri kulikuwa na grisi ya enzi na enzi. Nikasugua. Kikatokea kibati cha kiwandani, maandishi yamechongwa: chanya kwenye bodi, usigeuze.

Usigeuze!

Nimekaa chini kwenye povu. Kumbe ziko pikipiki za kale zilizoundwa hivyo. Kumbe baada ya kugeuza betri, hata mshale ulikuwa unasoma kinyume: niliposema inachaji, betri ilikuwa inanyonywa. Na mimi ndiye niliyesema taa ziwake mchana. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Leo mwosha ni mimi na maiti ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Kukiri? Mbele ya Meneja? Nina mpango.

Alfajiri nimerudisha nyaya za betri zilivyokuwa. Bado haichaji, nimeshaunguza kitu ndani. Haidhuru. Kila siku nitaibeba betri kwa siri, niipeleke kwa kinyozi ichajiwe, niirudishe. Pikipiki itawaka, mzee atadhani imepona, hataitoa, na hakuna atakayejua lolote. Hata yeye atafaidika!

Kinyozi ana chaja ya kuchajia betri za malori. Betri ya Bi Mkubwa ni ndogo, ya volti sita. Nilifikiri kubwa itaijaza upesi. Iliijaza. Kisha ikaanza kuchemka. Kisha duka zima likanuka yai viza. Wateja walitoka mbio, mmoja akiwa na ndevu upande mmoja tu, na huyo alinifuata mpaka kona ya pili akitaka kujua mimi ni mtoto wa nani. Kinyozi ameniambia nywele zangu nikanyolewe kwingine.

Betri imevimba kidogo tumboni lakini i hai.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee amenikuta nyuma ya choo nikiifunga betri kwa taulo. Nilitaka kusema ni nguo chafu. Hakuniuliza. Alikaa juu ya ndoo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Usijisumbue kunifichia makosa yangu, mwanangu. Najua uzee umeniingia. Wewe una moyo mzuri."

Moyo mzuri! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia yote, kibati, mshale, kinyozi, nikitazama viatu vyangu. Mbele ya mkwe mtu huinamisha macho. Mimi Jumamosi ile niliinua bisibisi.

Aliinuka kwenye ndoo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikukosea?" Nikasema hukukosea, mzee. Akauliza tena. Nikasema tena. Akaenda mwenyewe kukitazama kibati, akapitisha kidole juu ya kila herufi, akajifuta uso na kusema ni jasho. Sijawahi kuona aibu namna ile, na nimewahi kuanguka mbele ya bibi harusi wangu.

Kazi yenyewe aliimaliza kabla chai haijapoa. Alifungua kijisanduku cheusi kinachoongoza chaji, akaachanisha vidomo viwili vilivyogandamana kwa sababu yangu, akavisugua kwa tupa ya kucha ya mama mkwe. Akagusisha waya wa betri kwenye dainamo mara moja ili ikumbuke upande wake, cheche, basi. Aliwasha taa: mshale ukaanguka upande wa kupungua. Akavuta mafuta: ukapanda. Alicheka kama kijana.

Kisha akasema hatasema neno kwa mtu. Nitasema mimi, Jumapili, wakiwa wamekaa wote, maana mbele ya wote ndipo alipochekwa. Nikamwapia.

Jumapili, 10 Machi

Walikuja wote. Meneja alikuwa amekuja na kamba ya kuifungia pikipiki kwenye gari. Mzee akamwambia Bi Mkubwa amepona, haendi kokote. Meneja akauliza kwa kicheko kama safari hii mzee hakuweka betri kichwa chini. Wakacheka. Hata mama mkwe alitabasamu. Mzee aliweka kijiko chini, akanitazama, akangoja.

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku. Nikakohoa. Meneja akawahi kuuliza, basi fundi ni nani, wewe? Mke wangu alikuwa akinitazama, uso wote unang'aa.

Nikasema tulisaidiana.

Wakanipigia makofi! Mzee aliomba apewe maji. Alikunywa taratibu mpaka glasi ikaisha, na hakunitazama tena mpaka mwisho wa chakula. Nimelala na nguo zangu. Nitasema Jumapili ijayo, bila kukosa, mbele ya wote.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi mzee aliniuliza kama nimeshamwambia angalau mke wangu. Nikasema leo leo. Akapanda Bi Mkubwa, akaondoka bila taa na bila kuaga. Iliniuma sana.

Nilikuwa njiani kwenda kumwambia mke wangu, kweli kabisa, mshonaji wa jirani alipobisha hodi. Amesikia sifa zangu. Feni yake inapiga kelele. Nisingeweza kumkatalia mama wa watu, na kukiri kunataka utulivu.

Nikaondoa wavu wa mbele. Lo! Nati inayoshika panga imefungwa kinyume! Kila nati duniani inafungukia kushoto, hii imechongwa mshale, ati inafungukia kulia! Nikaipeleka kushoto inavyotakiwa. Ikagoma. Nikatia nguvu za kiume. Ikakatika.

Nimemweleza kwa upole kwamba amekuwa akiitumia vibaya miaka yote hii. Maskini, ameniomba radhi.